Kompyuta ndogo isiyokula umeme kwa ajili ya TV ya sebuleni: naomba ushauri (niko Tukuyu)

MwalimuWaRungwe

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kuchagua kompyuta ndogo, zile zinazokaa nyuma ya TV, kwa ajili ya kuchezesha video sebuleni. Nafundisha shule ya msingi hapa Tukuyu na jioni naongoza kwaya ya usharika. Naeleza hali yangu kwa urefu kidogo ili ushauri wenu uendane nayo.

TV ni inchi 43, ni 4K. Sauti inatokea kwenye sabufa ya kawaida, ile ya waya mwekundu na mweupe. Kinachochezesha video kwa sasa ni deskitopu ya zamani, lile boksi la kusimama, prosesa Core i5 ya kizazi cha 3. Filamu za kawaida linazimudu. Kazi inakuja kwenye video za kwaya. Vijana wetu wanarekodi kwa simu, tena 4K, na simu inahifadhi kwa H.265, mfumo wa kubana video. Nikifungua video hizo picha inasimama, inaruka, inasimama tena. Sauti ya kwanza wameshamaliza ubeti, kwenye picha bado wanavuta pumzi.

Kwangu hii ni kazi, siyo anasa. Kwaya inakuja nyumbani kujitazama. Hapo ndipo tunaona nani anakata pumzi katikati ya neno, nani anatazama pembeni badala ya kumtazama mwongozaji. Nataka niweze kurudia kipande kimoja mara nyingi, nipunguze kasi, na nikimaliza nifungue nota za tonika solfa pale pale kwenye TV ili wote wasome. Watoto nao wanaangalia YouTube bando likiwepo.

Umeme wa gridi ninao, ila msimu wa mvua huku Rungwe unakatika sana. Nina sola yenye betri moja ya volti 12, 100Ah, na inveta ya wati 500. Deskitopu na TV vikiwa kwenye inveta, betri inaisha mapema mno.

Nimeonyeshwa vitu vitatu. Cha kwanza ni HP EliteDesk 800 Mini iliyotumika ofisini, i5 kizazi cha 6, RAM 8. Cha pili ni kompyuta ndogo mpya yenye prosesa ya Intel N100, RAM 8, SSD ya 256. Cha tatu ni Raspberry Pi 5, kile kibao kidogo cha kompyuta. Bajeti yangu ni laki nne na nusu, nikijibana sana laki tano. Muuzaji anasema i5 ni i5, haiwezi kushindwa na kitu kinaitwa N100. Je, ni kweli?


KihesaMtaani

Kamwene Mwalimu. Kabla hujatoa laki tano, umejaribu kuchomeka flashi kwenye TV yenyewe? TV nyingi za 4K zinasoma H.265 bila msaada wa kitu kingine. Na kama shida ni YouTube tu, kiboksi cha Android kinatosha, kinakula wati tano hivi. Hakikisha tu ni kile kilichoidhinishwa na Google. Vile vya bei ya chini visivyo na kibali Netflix inavipa picha hafifu hata kama boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa.


MwalimuWaRungwe

Asante kaka. Flashi nimejaribu, na video kadhaa TV inazicheza vizuri tu. Lakini haina uwezo wa kurudia kipande wala kupunguza kasi, na diski yangu ya 1TB yenye kumbukumbu zote za kwaya haiioni kabisa. Pia nahitaji kufungua nota na kuandika. Ndiyo maana nimeelekea kwenye kompyuta.


FundiMwanjelwa

Mwalimu, umeeleza vizuri, na kwa matumizi hayo kompyuta ndiyo jibu. Kihesa yuko sahihi kwa mtu wa kuangalia filamu tu.

Sasa hilo la muuzaji. Kwa kazi yako si kweli, na naomba ulielewe kwa undani kwa sababu watu wengi wanapoteza hela hapa. Kufungua video ya H.265 hakutegemei sana ukubwa wa jina la prosesa. Ndani ya prosesa kuna sehemu maalumu ya kufungua video, na sehemu hiyo ama inaijua aina ya video uliyonayo ama haiijui. Ikiwa inaijua, kazi inaisha kimya kimya, kompyuta haipati hata joto. Ikiwa haiijui, kazi yote inaangukia kwenye kori za kawaida. Ni sawa na kutwanga mahindi kwa kinu wakati mashine ya kusaga iko mlango wa pili: unga utapatikana, lakini kwa jasho. Na jasho la kompyuta ni wati. Deskitopu lako la kizazi cha 3 halina kabisa sehemu ya H.265, ndiyo maana linahangaika.

Kizazi cha 6 cha Intel kinafungua H.265 ya biti 8 (biti ni kipimo cha wingi wa rangi kwenye picha), lakini ya biti 10 hakiifungui inavyotakiwa. Na hapa ndipo nataka ukae chonjo: iPhone kuanzia 12 zinaweza kurekodi HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, na hiyo ni H.265 ya biti 10. Kama kuna kijana mmoja tu kwenye kwaya mwenye simu ya namna hiyo, HP ya kizazi cha 6 itakurudisha kwenye picha kusimama na kuruka. Kizazi cha 7 na cha 8 vinaiweza biti 10, na vinaiweza VP9, mfumo mwingine wa kubana video ambao YouTube wanautumia. AV1, ambayo YouTube nao wanazidi kuitumia, kwa Intel ilianza kufunguliwa kwenye kizazi cha 11. Hiyo N100 iliyotoka 2023 inafungua zote: H.264, H.265 biti 8 na 10, VP9 na AV1. Kwa hesabu kubwa za ofisini i5 inaweza kutamba, ila kwa sebule yako N100 inaiacha mbali hiyo ya kizazi cha 6.

Jambo jingine kwenye zile za ofisini ni tundu la HDMI. Mashine nyingi za miaka ile zina HDMI 1.4, ambayo kwa 4K inaishia picha 30 kwa sekunde. Ukitaka 60 inabidi utumie tundu la DisplayPort na kibadilishio. Vijana wakirekodi 60 kwa sekunde utaiona tofauti mikono ya kwaya ikitembea. Tena Windows 11 rasmi haikubali kizazi cha 6 wala cha 7, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint inakaa vizuri tu kwenye mashine hizo, nalisema kwa faida ya wengine watakaosoma.

Raspberry Pi 5 naipenda, na ina jambo moja zuri: inapokea amri za rimoti ya TV kupitia waya ule ule wa HDMI. H.265 inaifungua vizuri. Ila VP9 na AV1 haina, kwa hiyo YouTube ya 4K uisahau. Halafu inauzwa tupu. Ukishanunua adapta yake ya volti 5 ampea 5, kasha, feni, kadi ya kumbukumbu na waya wa HDMI ndogo, bei inaanza kuisogelea N100 yenye kila kitu.

Kuhusu umeme, usisome wati zilizoandikwa kwenye adapta. Adapta ya wati 65 haimaanishi kompyuta inakula 65, hicho ni kikomo chake. N100 ikiwa imetulia inakula wati 6 hadi 10, ikichezesha video 10 hadi 15. Tuseme 12. Ukitumia saa nne kila siku, mwezi mzima ni uniti moja na nusu hivi. Deskitopu lako nikilikadiria wati 80, kwa saa hizo hizo ni uniti 9 na ushee. Kwa tarifu ya kawaida ambayo elfu kumi ya LUKU inakupa uniti 28, unaokoa kama shilingi elfu tatu kwa mwezi. Sikudanganyi kwamba hiyo itakurudishia hela ya kununulia, itachukua miaka mingi. Faida yako kubwa iko kwenye betri.


MzeeMakambako

Nimesoma. Niongezee kwenye hilo la betri, maana hapa kwangu naishi na sola.

Betri ya 100Ah ya volti 12 ni wati-saa 1,200. Ukitaka idumu usiimalize, tumia nusu, yaani 600. Chukua TV wati 70, deskitopu 80, sabufa 25, na inveta yenyewe inakula kama 15 bila kufanya lolote. Jumla 190. Unapata saa tatu na dakika chache. Toa deskitopu, weka hiyo ndogo ya wati 12: jumla 122, unakaribia saa tano. Sasa angalia kinachobaki kuwa mlaji mkubwa ni TV. Nenda kwenye mipangilio ya picha, shusha mwanga wa nyuma kutoka 100 mpaka 50. Usiku sebuleni macho yatazoea mara moja, na TV itapunguza wati nyingi kuliko unavyodhani. Hiyo ni bure, ifanye leo.

La pili, geuza adapta ya hiyo kompyuta usome maandishi madogo. Tafuta palipoandikwa OUTPUT. Nyingi za N100 zinaandika 12V, 3A. Chini yake kuna kimchoro cha duara mbili zenye alama ya jumlisha na kutoa, kinachoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Ukikuta 12V, unaweza kuilisha kutoka kwenye betri bila kupitia inveta, na ule umeme unaopotea kwenye inveta unauondoa upande wa kompyuta (zile wati 15 zinabaki maadamu TV iko kwenye inveta). Lakini usiunge moja kwa moja! Betri ya volti 12 wakati sola inaichaji inapanda mpaka 14.4, na ikichoka inashuka chini ya 12. Weka katikati kile kidude cha kurekebisha volti, kile kinachopandisha na kushusha, kitoe 12 kamili, chenye uwezo wa ampea 5. Weka na fyuzi karibu na betri.

Zile za ofisini, HP, Dell na Lenovo, zinataka volti 19 hadi 20, na pini zao zina waya wa tatu wa kuitambua adapta. Kuzilisha kwa sola bila inveta ni usumbufu.


MwalimuWaRungwe

Shikamoo mzee. Nimeshusha mwanga wa TV jioni hii na watoto hawakugundua. Fundi, sasa nimeelewa kwa nini deskitopu linahangaika. Nimewauliza vijana, wawili wanatumia iPhone, ya 13 na ya 14. Kwa hiyo kizazi cha 6 nimekitoa.

Yamebaki maswali yangu. Nikifika dukani nitajuaje kwamba hiyo N100 kweli ni N100 na inafanya kazi? Na unyevu wa huku utaiacha salama? Nguo tu kabatini zinaota ukungu mwezi wa nne.


BintiNjombe

Mwalimu, la unyevu nikujibu mimi, huku Njombe baridi na ukungu ndiyo maisha yetu. Ya kwangu haina feni kabisa, ni N100 yenye kasha la alumini lenye mapezi ya kutolea joto. Hewa yetu ya baridi inaisaidia, haijawahi kuunguza mkono. Kwa unyevu, ninachofanya ni kutoizima kabisa, naiacha imelala, kale kajoto kadogo kanazuia maji kujikusanya ndani. Nimeifunga kwa ile sahani ya skrubu nyuma ya TV, haigusi ukuta. Na tafadhali dada yangu, kile kitambaa cha kufuma tunachofunikia TV kisifike kwenye kompyuta. Shangazi yangu alikuwa anaifunika kila asubuhi kwa upendo kabisa, ikawa inachemka.

Zenye feni ni nzuri pia, ila kwaya ikiimba taratibu utaisikia feni. Kama sikio lako ni la mwongozaji itakukera.


FundiMwanjelwa

Mwalimu, dukani beba vitu viwili: flashi, na moyo wa kutokuona haya kumchelewesha muuzaji. Flashi iumbize kwa exFAT, siyo FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 na video ya 4K ya ibada nzima inapita hapo. Ndani weka video mbili: moja ya iPhone ya kijana wako yenye HDR, nyingine ya simu ya kawaida. Weka na programu ya VLC, ni ya bure. Windows peke yake inaweza kukuambia ununue nyongeza ya HEVC (ndiyo hiyo hiyo H.265) ndipo ifungue, wewe achana nayo.

Waambie waichomeke kwenye TV ya 4K hapo dukani. Kwanza fungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inafanya nini, kipengele cha CPU (prosesa), soma jina. Liwe Intel N100, siyo Celeron ya zamani iliyobandikwa stika mpya. Halafu chezesha video ya HDR kwa VLC huku Task Manager iko wazi kwenye ukurasa wa GPU, sehemu ya picha. Utaona vigrafu vidogo, kimoja kimeandikwa Video Decode. Video ikianza, kigrafu hicho kinatakiwa kipande, na CPU ibaki chini kabisa. Ukiona CPU imepaa hadi asilimia 80 na Video Decode imelala kwenye sifuri, kuna tatizo la draiva, usilipe mpaka walirekebishe mbele yako. Mwisho nenda kwenye mipangilio ya skrini usome: 3840 kwa 2160, na 60 Hz. Ikisoma 30, badilisha waya wa HDMI kwanza kabla ya kulaumu kompyuta.

Wakiwa bado wameiwasha, ingia BIOS, ile mipangilio ya kabla ya Windows kuwaka, utafute sehemu inayosema umeme ukirudi kompyuta ifanye nini. Iache ibaki imezimwa. Najua wengi wanashauri ijiwashe, lakini kwa umeme unaorudi na kukatika mara tatu mfululizo, bora iwashwe na mkono wako umeme ukishatulia. Radi zikianza, chomoa umeme na waya wa dishi la king'amuzi pia, maana radi inapita kwenye dishi mpaka TV, kisha kwenye HDMI mpaka kompyuta. Watu wanachomoa soketi ya ukutani tu wanadhani wamemaliza.

RAM 8 inakutosha. Akikushawishi 16, hiyo tofauti nunulia kile kidude cha mzee cha volti 12.


MwalimuWaRungwe

Ndaga fijo wote. Nimeshuka Mbeya nimeipata, N100 isiyo na feni, adapta 12V 3A, chanya katikati, nimekisoma kile kimchoro alichosema mzee. Muuzaji alinivumilia vizuri. Video ya iPhone ilipoanza, Video Decode ilipanda robo hivi na CPU ikabaki chini ya asilimia 10, hata yeye akainama kutazama. Nimelipa laki nne na elfu sitini.

Ipo nyuma ya TV tayari. Kurudia kipande kwa VLC nimepaona, nimewasha vidhibiti vya ziada kwenye menyu ya mwonekano, nabonyeza A na B, kipande kinajirudia chenyewe. Kupunguza kasi natumia mabano ya mraba kwenye kibodi, na sauti haibadiliki kuwa nzito, inabaki kwenye ufunguo wake. Kwa kweli hili limenifurahisha kuliko ubora wa picha.

Limebaki moja. Sabufa nimeichomeka kwenye tundu la hedifoni la kompyuta. Picha ni laini, haikwami, lakini sauti inatangulia mdomo kidogo sana. Wengine hawaoni, mimi naona. Na kuna mvumo mdogo sabufa ikiwa kimya.


FundiMwanjelwa

Hongera Mwalimu. Sikio lako liko sawa. TV inachukua muda kidogo kuichakata picha kabla ya kuionyesha, wakati sauti yako inatoka kwenye kompyuta moja kwa moja bila kusubiri. Hamishia waya wa sabufa kwenye tundu la hedifoni la TV, kisha kwenye Windows chagua sauti itoke kwa HDMI. Hapo TV itatoa vyote kwa pamoja, na rimoti ya TV nayo itaongeza na kupunguza sauti. Kama itabaki tofauti, ndani ya VLC bonyeza herufi K, kila ukibonyeza sauti inachelewa milisekunde 50. J inarudisha nyuma.

Mvumo mara nyingi unatoka kwenye vifaa vilivyochomekwa soketi tofauti zenye ethi tofauti. Weka TV, sabufa na kompyuta kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, jaribu usiku kompyuta ikiwa kwenye betri kupitia kile kidude na TV kwenye inveta, uniambie kama upo bado.


MwalimuWaRungwe

Nimehamishia kwenye TV, mvumo umeondoka hapo hapo. Nimebonyeza K mara moja, mdomo na sauti vimekutana. Mzee Makambako, kidude cha volti nimeagiza, kikifika nitakupigia picha ya jinsi nilivyounga kabla sijawasha.


MzeeMakambako

Ipige kabla ya kuunga upande wa betri, mwanangu. Na upime kwanza kwa mita kwamba kinatoa 12.0 kikiwa hakijabeba mzigo.